Neno Kwenye Pindo la Leso

Mwanaisha hakulia aliponiona. Alisimama mlangoni na leso ya msiba mabegani, akanitazama kichwani kwa muda mrefu kabla ya kunitazama usoni, kisha akasema, "Charo, hizo mvi umezitoa wapi?" Nikamwambia nimeziokota njiani. Akacheka, na katikati ya kicheko ndipo machozi yalipomtoka, akanishika mkono akaniingiza ndani. Mamake, Bi Rehema, alikuwa amekwisha kuzikwa. Habari zilinikuta Taveta, nilikokuwa nikilinda shamba la ndizi la mtu, na nilipofika Magogoni, Kisauni, hata hitima ilikuwa imesomwa, masufuria ya pilau yameoshwa na kuegemezwa ukutani yakauke. Sikushangaa. Maisha yangu yote nimefika mahali watu wakikunja mikeka. Lakini nilipoingia kwenye ile korido ya katikati, yenye vyumba huku na huku na mwanga wa uani mwishoni kama mlango wa pili wa dunia, harufu ikanipokea, udi na mafuta ya kukaangia na saruji iliyomwagiwa maji. Nimeishi katika nyumba nyingi kuliko nilizoweza kuzihesabu. Katika hii nilikaa mwaka mmoja tu, na ndiyo pekee ninayoiota.

Mwaka huo nilikuwa kijana, nikichonga mawe kule mashimoni Mwakirunge. Kabla yake nilikuwa nimepara samaki Malindi, nimefyeka mkonge, nimesukuma mkokoteni wa maji, na kila kazi niliiacha siku nilipodhani nimeshaielewa. Shule niliiacha darasa la sita, si kwa kukosa akili bali kwa kukosa subira; nilitaka kujua kilichoko nyuma ya ukurasa kabla mwalimu hajaufungua. Bi Rehema alinipangisha chumba cha mwisho, karibu na ua, ambacho zamani kiliwekwa makaa, na kila nikitokwa na jasho usiku niliamka na alama nyeusi mgongoni. Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye mabati. Ziliishia kichwani mwa mtu mrefu, juu yake kukawa na uwazi ambao hewa ilipita, na maneno pia. Ukitaka siri, uliambiwa, kapange ghorofani. Basi nilijua mambo ya kila mpangaji bila kuuliza, na chumba cha pili yake kilikuwa cha mama mmoja mzee kutoka bara, aliyeitwa Mekadzo, yaani mama yake Kadzo, kwa desturi ya kwao ya kumwita mama kwa jina la mtoto wake. Nilimsikia kabla ya kumwona. Kulipopambazuka nilimsikia akizungumza na Mungu kwa sauti ya mtu anayezungumza na mwenye nyumba: kwa adabu, lakini na malalamiko yake yako tayari.

"Baba, lile paa la jikoni kule nyumbani ulisema utaliangalia," nilimsikia akisema. "Na mzee vile vile. Usimwache ale mahindi makavu, hana meno. Na mimi nirudishe. Sikuharakishi, lakini usisahau."

Alikuwa akikaanga mihogo barazani, mbele ya nyumba, na kuiuza na pilipili na ndimu. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko hiyo pilipili. Watu walimpenda kwa mihogo yake na kumwogopa kwa majibu yake, na hakuna aliyejua, isipokuwa Bi Rehema na baadaye mimi, kwamba mwenyewe alikuwa mtu wa hofu. Alikuwa amekimbia kwao. Huko bara, mtoto alipofariki kwa homa, vijana wa ukoo walikaa chini wakatafuta aliyemuua, na kama ilivyokuwa desturi mbaya ya miaka ile walimtafuta kwenye kichwa cheupe. Mzee mwenye mvi ndiye mchawi. Na kama mzee huyo ana shamba, basi ni mchawi zaidi. Asubuhi moja Mekadzo alikuta shimo limechimbwa nyuma ya nyumba yake, urefu wake yeye. Mumewe, Mzee Ngala, aliyekuwa mgonjwa wa miguu asiyeweza kusafiri, ndiye aliyemwambia aondoke. "Yeye walimwacha," Mekadzo alinieleza, akigeuza mihogo kwenye karai. "Ana upara. Hawana cha kumshtakia."

Alisema hivyo kama mzaha, nikacheka. Kisha nikaona kwamba hacheki.

Kwa sababu hiyo, kila Jumamosi ya pili Bi Rehema alimpaka kanta. Walikaa uani karibu na kisima cha maji ya chumvi, Mekadzo kwenye kibao cha mbuzi ya nazi na Bi Rehema nyuma yake kwenye kiti, bakuli la ile rangi nyeusi pajani, kitambaa kikuukuu kwenye mabega ya Mekadzo. Mwanaisha, wakati huo msichana wa shule ya msingi, alishika kioo. Bi Rehema hakuipenda kazi ile. "Kwetu sisi nyeusi si nzuri kupaka," alisema kila mara. "Ungekubali nikutie hina, ukawa mwekundu, ukapendeza." Na Mekadzo alijibu kila mara, "Nikiwa mwekundu wataniua wakidhani mimi ni jogoo." Alipaka hata akiwa Kisauni, mbali na kwao, kwa sababu mtu yeyote wa kijijini angeweza kupita barabarani akanunua mihogo na kwenda kusema. Alipaka pia, nadhani, kwa sababu hofu ikishazoea kichwa haijui kama umehama.

Mimi niliingia katika mambo yao kwa mlango wa Biblia. Jioni moja nilimkuta Mekadzo kwenye kizingiti cha chumba chake na kitabu kimefunguka magotini, anapitisha kiganja juu ya ukurasa kama mtu anayepapasa kitambaa dukani. Nikamuuliza anasoma nini.

"Sijui. Nakigusa tu. Wewe wajua kusoma?"

"Kidogo."

"Darasa la ngapi?"

"La sita."

"Latosha. Mungu hakuwaandikia wa chuo kikuu peke yao. Keti."

Nikaketi, nikasoma. Nilisoma haraka, kama nilivyosoma magazeti yaliyofungiwa vitumbua, nikitafuta mwisho. Akanipiga kofi jepesi gotini. "Soma tena. Polepole. Mimi si gari." Tangu siku ile, nikitoka mashimoni na vumbi jeupe kwenye nyusi, nilioga, nikaletewa sahani ya mihogo, au sima na mchunga, ile mboga chungu ya kwao ambayo mwanzoni niliimeza kama dawa na sasa naitafuta katika kila soko ninalopita na kuikuta haina uchungu uleule, kisha nikasoma. Sikuwa mtu wa kanisa. Nilikuwa na maswali mengi na nilimuuliza yote: nani aliyaandika haya, alijuaje, mbona huyu mfalme alioa wake wengi hivyo, mbona yule nabii alikimbia. Kwa nabii aliyekimbia alifurahi sana. "Naam, huyo ni wangu," alisema. "Msomee Bi Rehema pia, ajue si mimi peke yangu." Na Bi Rehema kutoka jikoni akasema kwamba huyo nabii anamjua tangu utotoni, hata kwao yumo, na samaki wake pia.

Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Nikishamsomea mstari akaushika, alichukua pindo la leso yake, pale wanawake wanapofungia pesa, akafunga fundo tupu. Hakuweka kitu ndani. Alifunga lile neno. Siku nzima lilining'inia kiunoni au begani, na alipofika kwenye jambo la kuogopesha aligusa fundo, midomo ikacheza. Jioni alilifungua. Tena aliyachagua maneno kama watu wachaguavyo vyombo vya jikoni, hili la kukorogea, hili la kuepulia. La kuvuka barabara kubwa lilikuwa lile la kupita katikati ya maji bila kugharikishwa. "Lami ni mto wangu," alisema, na kweli alivuka kama mtu aliyeinua nguo asilowe. La kwenda kwenye foleni ya maji matamu lilikuwa ile sala ya kumwomba Mungu aweke mlinzi mdomoni. Nilidhani anaogopa wale wanawake waliomcheka Kiswahili chake chenye Kigiriama. "Hao siwaogopi," alinisahihisha. "Naogopa nitakayowajibu."

Siku ya kwanza Bi Rehema alipoliona fundo, alisimama katikati ya korido, ndoo mkononi. "Mekadzo, hicho ulichofunga ni nini?" Sauti yake haikuwa ya kawaida. "Mimi nyumbani mwangu sitaki hirizi, wala fingo, wala vitu vya waganga wenu. Wallahi nitakutoa." Ni kosa ambalo mtu wa pwani pekee angelifanya, na angelifanya kwa haki, maana kwetu kitu kidogo kilichofungwa kwenye nguo hakijafungwa bure. Mekadzo hakukasirika. Alilifungua mbele yake, akatandaza lile pindo kwenye kiganja.

"Hamna kitu," Bi Rehema akasema.

"Mna neno."

"Na neno lafungwa?"

"Lisipofungwa latoroka. Kichwa changu kimezeeka."

Bi Rehema alimtazama, akaliinua pindo akalinusa, kisha akasema, "Haya, funga basi, lisije likatambaa nyumbani mwangu," akaenda zake na ndoo yake. Kutoka siku ile alikuwa akiuliza asubuhi, kama anauliza kitoweo, "Leo umefunga nini?" Naye aliambiwa. Mara nyingine alisema, "Hilo hata sisi tunalo, kwa maneno mengine."

Jumamosi ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa na jua, na kwenye kamba za uani zilianikwa sare za Mwanaisha. Kanta ilikuwa imekolezwa, nusu ya kichwa cha Mekadzo imeshapakwa. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya jiwe la kufulia, nafungua Biblia popote, mchezo wangu wa kila siku, kuona ukurasa utaniambia nini. Nilikuwa kwenye Mithali. Nikasoma kwa sauti bila kutazama mbele, na kinywa kikatangulia akili: kwamba mvi ni taji ya utukufu, zikionekana katika njia ya haki.

Bi Rehema aliacha kupaka. Mkono wake ulibaki hewani, vidole vyeusi.

"Soma tena," Mekadzo akasema.

Nikasoma.

"Taji?"

"Taji."

"Ya nani? Ya wafalme?"

"Haikusema. Imesema kichwa chenye mvi."

Mwanaisha, aliyeshika kioo, alikiinamisha polepole kana kwamba ameona kitu asichopaswa kuonyesha. Mwishowe Bi Rehema akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa nipake huu upande wa pili au niache?" Mekadzo akasema, "Paka. Nitatembeaje na nusu?" Akapakwa, akaoshwa. Jioni ile ukutani hapakuwa na malalamiko. Nilitega sikio kwa muda mrefu. Kisha nikasikia, "Baba, kwa nini hukuniambia mapema?" na kitanda kikalia.

Jumamosi iliyofuata ya kanta hakumwita Bi Rehema. Na iliyofuata pia. Kwenye njia ya nywele zake palitokea ufito mweupe, mwembamba, ukapanuka wiki baada ya wiki kama maji ya bamvua yanavyopanda ufukweni. Wateja walianza kumtania. "Mama, kichwa chako kimepauka." Yeye alijibu, "Hakijapauka, kinachanua." Lakini nilimwona akishtuka kila gari la kutoka bara lilipopunguza mwendo, na mkono ukienda kwenye fundo. Ujasiri, nilivyoujua mashimoni, ulikuwa wa mtu anayeruka chini ya mwamba unaoning'inia na kutoka akijisifu. Huu sikuuelewa. Mtu alikuwa na hofu ileile ya jana, haikupungua hata kidogo, na bado hakupaka.

Kisha simu ikaja. Ilikuja kwa Bi Rehema, kwa sababu Mekadzo hakuwa na simu, na Bi Rehema akaja nayo barazani huku amejifunika mdomo na pindo la leso. Mzee Ngala amefariki. Mekadzo alikuwa akimwaga ndimu kwenye sahani ya mteja. Alimaliza kumwaga, akampa mteja sahani, akamwambia asiende nayo mbali, kisha akakaa chini kwenye saruji palepale alipokuwa amesimama.

Kwa siku mbili nyumba nzima iliishi juu ya kuta zile. Kila mtu alisema lake na kila mtu alisikika. Asipokwenda kumzika mumewe, huko bara watasema: mnaona, ndiye aliyemla, ndiyo sababu hatokei. Hilo lingekuwa hukumu, na hangerudi tena kwake mpaka kufa. Akienda, na kichwa kile, shimo lilishachimbwa tangu mwaka uliopita. Lingehitaji tu kusafishwa. Mchungaji wa kanisa lake alikuja, mtu mpole aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri, akaketi kwenye kigoda changu na kumwambia kwamba Bwana hatuagizi tujitie katika hatari, na kwamba kanisa litatuma wazee wawili wakazike kwa niaba yake. Alisema kwa huruma, na naamini alikuwa sawa. Mekadzo alimsikiliza, akamshukuru, akamtilia chai. Alipoondoka nikamsikia akimwambia Bi Rehema, "Mume hazikwi kwa niaba."

"Basi nikupake," Bi Rehema akasema. "Mara moja tu. Ukirudi uache."

"Hapana."

"Mekadzo, mwenzangu, una wazimu?"

"Nina tumbo," Mekadzo akajibu. "Tangu jana niko chooni. Tumbo lenyewe limekwisha kufika huko kwetu, limerudi, limekwenda tena. Lakini kichwa hakitaki."

Bi Rehema aliinuka, akaenda chumbani mwake, akarudi na mkasi wa kushonea. "Basi njoo uani," alisema, na sauti ilikuwa ya hasira, ile hasira ya mtu anayependa. "Hwendi na kichwa cha kunguru, huku cheupe huku cheusi. Kama waenda, nenda mzima." Alimkalisha kwenye kile kibao cha mbuzi na kukata ncha zote nyeusi, polepole, akizikusanya kwenye pamba asiache hata unywele mmoja chini, kwa sababu nywele za mtu haziachwi ovyo. Alipomaliza, Mekadzo alikuwa na nywele fupi nyeupe pee, kichwa kidogo kuliko tulivyodhani, masikio yametokeza. Mwanaisha akamletea kioo. Mekadzo akajitazama, akageuza kichwa huku na huku. "Nimefanana na mamangu," alisema. Zile nyeusi Bi Rehema alizizika nyuma ya choo. Kisha akampa leso yake mwenyewe, mpya, haijafuliwa bado, na Mekadzo akaniita nimsomee lile neno la taji mara ya mwisho, ingawa alilijua kuliko mimi. Akafunga fundo akalikaza kwa meno.

Nilifuatana naye. Watu waliniita shujaa baadaye, nami siku zote nimewaambia ukweli: nilikwenda kwa sababu nilitaka kuona. Sijawahi kuweza kukaa nyuma mahali jambo linatokea mbele. Na pia, kama nitasema yote, kwa sababu nilikuwa nimezoea mihogo yake, na sauti yake ukutani, na sikutaka viende peke yake.

Tulifika saa ya jua kali. Turubai lilikuwa limefungwa kati ya minazi miwili, wanawake wamejaa kwenye mikeka, wanaume wako kaburini. Alitembea kati ya ua wa makuti na nyumba kichwa wazi, leso kiunoni, na mimi nyuma na mfuko. Kilio cha wanawake kilikatika kidogo kidogo, kama mashine inayoishiwa mafuta. Akatoka mtu mmoja mwenye jembe, shati amelivua, mpwa wa marehemu aitwaye Karisa. Sikuhitaji kuambiwa kwamba ndiye kiongozi wa wale vijana wa shimo. Macho ya watu yote yalimgeukia kabla hajasema.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja kumzika mume wangu."

Karisa alimtazama kichwani, kisha macho yakateremka, yakasimama kwenye lile pindo. Akainua jembe akalielekeza, si kwa kupiga, kwa kuonyesha. "Na hicho? Umetuletea nini kwenye leso? Mmeona? Amekuja nacho mpaka msibani."

Watu wakasimama. Mama mmoja akamvuta mtoto wake nyuma. Mkono wa Mekadzo ukalishika fundo. Nilidhani atalificha. Badala yake alilifungua kiunoni lile vazi lote, akabaki na gauni lake, akamnyoshea Karisa lile pindo.

"Fungua," alisema.

Karisa hakusogea.

"Fungua, mwanangu. Wewe ndiye uliyetaka kujua."

Akarudi nyuma hatua. Mtu mkubwa, mwenye jembe, akarudi nyuma mbele ya kipande cha kitambaa. Na mtu fulani kwenye mikeka, sijui nani, akacheka puani.

"Waogopa?" Mekadzo akamuuliza, bila kejeli. "Hata mimi. Charo, njoo ulifungue wewe, hawa watoto wana kazi ya kaburi."

Nikalifungua. Lilikuwa limekazwa, nililazimika kutumia kucha. Nikatandaza pindo, nikalionyesha huku na huku. Hamna kitu. Vumbi kidogo la saruji ya Bi Rehema, basi. Mekadzo akalisema lile neno, si kwa sauti ya mhubiri, ila kama anavyotaja bei ya mihogo, kwamba mvi ni taji, zikionekana katika njia ya haki. "Njia yangu mnaijua nyote," akaongeza. "Nimeitembea hapa tangu nilipoolewa. Semeni mlikoniona nimepotoka."

Hakuna aliyesema. Wala hakuna aliyempigia makofi, wala aliyeanguka akitubu. Si mambo yanayotokea pale jua linapowaka na maiti anangoja. Kilichotokea ni kwamba mama mmoja mnene, aliyekuwa mbele, alisogea kwenye mkeka wake akasema kwa uchovu, "Mpisheni akae, jua kali." Akakaa. Karisa akarudi kaburini. Wakati wa kuteremsha jeneza Mekadzo alirusha udongo wake, akafuta mikono, na ndipo alipolia.

Asubuhi yake nilikuwa barabarani na mfuko. Alikuja na sahani iliyofunikwa, sima na mchunga, akakaa juu ya gogo na kunitazama nikila. Hakuwa na mzigo.

"Mimi sirudi," alisema.

"Watakuua."

"Huenda."

"Basi twende."

"Mwaka mzima nimekuwa nikisema hodi kwenye mlango wa mtu," alisema. "Bi Rehema ni ndugu yangu, lakini mlango ni wake. Nimechoka. Kitabu niachie, hapa kuna watoto wa shule, na wao wana haraka kama wewe, nitawapiga magotini." Kisha akanipa ile leso nimrudishie mwenyewe. Kwenye pindo alikuwa amefunga fundo. "Hili ni lake. Mwambie alifungue siku atakapoogopa."

Nilimpelekea. Nilikaa Magogoni majuma machache zaidi, na chumba cha pili kilipangishwa na fundi wa redio aliyekoroma. Nikaondoka. Sikurudi, sikupiga simu, sikuuliza. Mimi niliyeuliza kila kitu, hilo sikuliuliza kwa miaka yote hii, kwa sababu kadiri nilivyokosa kujua, ndivyo alivyoendelea kukaa juu ya lile gogo, kichwa cheupe, akinitazama nikila.

Sasa nilikuwa nimeketi uani, kwenye lilelile jiwe la kufulia, kisima kimefunikwa zege, na Mwanaisha ananitilia chai. Nikamuuliza.

"Aliishi," alisema, kana kwamba nimeuliza kitu kinachojulikana na kila mtu. "Miaka mingi. Mama alikuwa akienda kumwona kila mihogo ikiiva. Alifariki kwa uzee wake, kitandani."

"Na yule Karisa?"

"Hakumwamkia mpaka mwisho. Alikuwa akizunguka nyuma ya ua asipite mlangoni kwake." Alipuliza chai yake. "Mama alisema Mekadzo alilala na kitanda kimesukumwa kwenye mlango, kila siku, mpaka siku aliyokufa. Hakuacha kuogopa, Charo. Lakini aliogopa akiwa nyumbani kwake."

Aliinuka, akaingia chumbani mwa marehemu mamake, nikasikia kifuniko cha sanduku. Alirudi na leso iliyokunjwa, rangi imefifia kwenye mikunjo, inanuka karafuu. Aliiweka mapajani mwangu. Fundo lilikuwa palepale, limekazwa, kitambaa kimekuwa kigumu kama kokwa.

"Hakulifungua?"

"Nilimuuliza siku za mwisho, alipokuwa akiugua. Nikamwambia, mama, si uliambiwa ufungue ukiogopa? Akasema yeye ana maneno yake, anayasoma. Hili ni la mwenziwe, hata kama ameshatangulia, akirudi alikute."

Nililigusa kwa kidole gumba. Ndani yake kulikuwa na neno ambalo mimi mwenyewe, lazima, nililisoma kwenye kizingiti kile jioni moja, polepole, mara mbili, nikipigwa gotini. Nilijaribu kukumbuka ni lipi. Yalikuwa mengi.

"Nilifungue?" Mwanaisha akauliza. "Kucha zangu ndefu."

Maisha yangu yote sijaona mlango uliofungwa nisitake kujua kilichoko nyuma yake. Nikaikunja ile leso kwenye mikunjo yake ya zamani, nikamrudishia.

"Liache," nikasema.